Maji ya Sikio la Kushoto

Kuna harufu moja tu inayoweza kunisahaulisha adabu, nayo ni ya kitunguu saumu kinachopashwa moto kwenye mafuta ya alizeti. Sisemei ya kwenye pilau. Hiyo imechanganyika na mengine na hainisumbui. Nasemea ile ya punje chache zilizopondwa, kijiko kimeshikwa juu ya jiko la mkaa, mafuta yameanza kutokota pembeni, na kuna mtoto anashikiliwa kichwa. Wenzangu mliolelewa na bibi mnaijua. Ukisema tu sikio linakuuma, jibu lilikuwa hilo.

Jumapili iliyopita niliikuta kwa jirani yangu hapa Kihonda. Mama Rehema ni mwanamke mwema, ananigawia maji bomba langu linapokauka, na hajawahi kunikosea hata siku moja. Nilikuwa nimekwenda kumsalimu pamoja na mama yangu, ambaye siku hizi anaishi nami. Tukamkuta uani, amemlaza mwanawe mapajani, sikio juu, kijiko mkononi. Sijui niliuvukaje ule ua. Ninachokumbuka ni kijiko kimeanguka, mafuta yamemwagika mchangani, mtoto analia, na mimi nafoka kama mgambo wa sokoni.

"Yanatoka maji au usaha? Alianguka? Nijibu, alianguka?"

"Hee! Jamani," Mama Rehema akasema, "ni mafua tu, sikio linamuuma. Dawa ya bibi zetu hii. Wewe vipi?"

Nikamwomba radhi. Nikamsihi asimtie mtoto chochote sikioni, ampeleke zahanati. Nikaokota kijiko, nikakiosha mwenyewe kwa mchanga na maji huku uso unaniwaka. Tuliporudi nyumbani mama yangu alitembea upande wangu wa kulia, kama afanyavyo siku zote, kwa sababu upande wa kushoto mimi ni kiziwi kabisa. Sikio langu la kushoto ni la kuning'iniza hereni, basi. Nyuma yake kuna kovu ambalo ushungi unalifunika, nami namshukuru Mungu kwa ushungi, maana nimechoka kulieleza.

Leo nalieleza.

Nilikuwa darasa la tatu. Tulikaa Mgeta, kwenye mteremko ambao karoti ikikuponyoka shambani kwako inaokotwa na jirani wa chini. Baba alikuwa amemwacha mama, na mama akarudi kwao pamoja nami, kwa Bibi. Hakuna aliyeshangaa, kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ana neno kuliko baba. Lakini shamba la Bibi halikutosha watu wote wale, na mama akapata kazi huku Kihonda, katika kiwanda kidogo cha kukamua alizeti.

Asubuhi ya kuondoka alichuchumaa mbele yangu, akanifunga kifungo cha sweta kilichokuwa kimefungwa tayari, akasema, "Usilie. Umesikia? Ukilia, sirudi."

Ni maneno tu. Kila mama ameshayasema, na mara nyingi anayasema ili asilie yeye. Hayo nayajua sasa. Siku ile niliyachukua kama yalivyo, nikayaweka moyoni kama unavyoweka ufunguo mahali ambapo hutausahau.

Lori la karoti likamchukua. Barabara ya kwetu inakwenda inapindapinda, kwa hiyo mtoto mwenye miguu mepesi anaweza kukatiza kwenye matuta na kulikuta lori kona ya chini, kwenye kalavati la mfereji. Sikutaka kumsimamisha. Nilitaka anione kwamba silii, basi. Nikateremka mbio. Asubuhi udongo wa kule umelowa ukungu, unateleza kama bamia. Nikakanyaga majani ya karoti yaliyotupwa ukingoni, na kilichofuata ni jiwe la kalavati, upande wa kushoto wa kichwa changu.

Nilipofumbua macho lori lilikuwa limeshapita. Sikioni kulikuwa na damu kidogo na mvumo mkubwa, kama wa mto wakati wa masika. Kichwa kiliuma nikatapika. Lakini sikulia! Nilijivunia hilo. Nikanawa damu mferejini, nikarudi nyumbani, nikamwambia Bibi nimeteleza kidogo. Bibi akanikanda nundu kwa maji moto, akanicheka, akasema miguu yangu ina haraka kuliko macho.

Damu ilikauka. Siku iliyofuata maji yakaanza.

Hayakuwa mengi. Nikikaa wima, hakuna kitu. Nikiinama tu, yanachuruzika kutoka sikio la kushoto, meupe, mepesi, hayanuki, yanapita shavuni mpaka kwenye kona ya mdomo. Niliyaonja bila kukusudia. Yalikuwa na chumvi.

Ndipo nikaelewa. Yaani nikaelewa kwa akili ya mtoto, ambayo haikosi jibu. Nilikuwa nimeyazuia machozi machoni, nayo yakatafuta njia nyingine. Mlango wa mbele umefungwa, yakapitia wa uani. Kwa hiyo nilikuwa nalia. Nilikuwa nalia asubuhi na jioni, kila ninapoinama, bila hata kujua kuwa ninalia. Na mama alikuwa amesema akija kusikia nalia, harudi.

Sijawahi kuona aibu kama ile, wala kabla wala baadaye, na nimeshapata nafasi nyingi za kuona aibu. Wenzangu wote walikuwa wakilia kwa macho, wakikanyagwa au wakichapwa, kisha wanafuta kamasi na kuendelea kucheza. Mimi peke yangu nilikuwa mlizi wa sikio, ninayelia hata nikicheka.

Kwa bahati mbaya, kwetu kulikuwa na mahali pazuri pa kuficha jambo hilo. Karoti haziendi Dar na udongo wake. Zinapelekwa kijitoni kwanza, watu wazima wanazimwaga kwenye maji, na watoto tunainama tukizisugua mpaka zing'ae. Kila anayeosha karoti analowa toka kichwani hadi miguuni. Mtu akiniona shavu linachuruzika, anaona mwosha karoti. Nilianza kupenda kazi ile kuliko chakula. Bibi akanisifia kwa majirani kwamba mjukuu wake ana mkono wa kazi.

Ni binamu yangu Zaina aliyegundua. Zaina alikuwa mtoto wa Mjomba Shabani, tumelingana umri, na hakuwa na breki mdomoni. Tulikuwa tumekaa juani kulinda nguo zilizoanikwa, nikainama kufunga kiatu.

"We! Sikio lako linakojoa!"

"Maji ya mtoni hayo."

"Hujafika mtoni leo. Linakojoa! Njooni muone, sikio la Hawa linakojoa!"

Wakaja. Wakaniinamisha kichwa kwa zamu ili waone. Nikacheka pamoja nao, maana ukicheka mzaha unaisha haraka. Kuanzia siku ile nikawa nachana vipande vya khanga kuukuu ya Bibi, navisokota, naziba. Kikilowa nakitupa chooni, nasokota kingine.

Zaina akamwambia Bibi, na Bibi hakushtuka hata kidogo. Angeshtukaje? Kijiji kizima kilikuwa na watoto wanaoingiwa na maji sikioni. Akanipa dawa ya kila mtoto wa kule: jiwe dogo lililopata moto wa jua, unalibana sikioni, unainamisha kichwa na kurukaruka kwa mguu mmoja hadi maji ya mto yatoke. Nikaruka. Maji yakatoka. Bibi akafurahi.

"Si unaona? Yanatoka hayo. Ruka tena."

Kila nilivyoruka ndivyo yalivyotoka, na kila yalivyotoka ndivyo Bibi alivyoamini dawa inafanya kazi. Yalipokataa kwisha, akatoa kitunguu saumu. Mama alikuwa ametutumia chupa ya mafuta ya alizeti kutoka kiwandani kwao. Bibi akayapasha moto kwenye kijiko, akanilaza mapajani, akanitilia. Yalikuwa na joto zuri. Niliogopa jambo moja tu: yale yalikuwa mafuta ya mama, yalitoka mikononi mwake, na sasa yalikuwa yameingia mahali ninapolilia. Nilijua ni mafuta tu, hayasemi. Lakini niliogopa hivyo hivyo.

Ningeweza kusema wakati ule. Bibi hakuwa mkali. Ningesema, "Bibi, nilianguka kwenye kalavati, na sikio hili limeanza tangu siku ile." Sentensi moja tu. Kila mara nilipoifungua midomo, nilimwona mama amechuchumaa, vidole kwenye kifungo, na nikaifunga tena.

Ramadhani ikaingia. Wadogo hatukufunga siku nzima, lakini tulikwenda madrasa kila alasiri na kuswali pamoja. Hapo ndipo nilipobanwa, kwa sababu sala ina kusujudu, na kusujudu ni kuinama kuliko kuinama kote. Paji la uso chini, kichwa chini ya moyo. Kipande cha khanga kikalowa na kuvuja. Maji yakanitambaa shavuni, yakafika puani, yakadondokea mkekani. Nikajaribu kusujudu haraka haraka, kama kuku anayedonoa. Haikusaidia.

Tulipotoa salamu, Mwalimu Athumani akageuka. Alikuwa mzee mpole mwenye macho yaliyoanza kufifia. Akaniona nimekaa, nimeinamisha uso, shavu linang'aa.

"Hawa," akasema, "unalia?"

Madrasa nzima ikanigeukia. Ningesema nini? Kusema hapana kulikuwa uongo, na nilikuwa kwenye mkeka wa sala. Kusema ndiyo kulikuwa kumpoteza mama.

Yeye akaelewa alivyoelewa. Akanyoosha kidole, sauti ikamtetemeka. "Mtazameni mwenzenu. Nyinyi mnasukumana na kuchekacheka, huyu mtoto mdogo analia kwa kumcha Mungu wake. Nani mwingine humu amewahi kulia katika sijida?" Hakuna aliyemuuliza kwa nini mcha Mungu analia kwa shavu moja tu. Zaina alinitazama kwa macho makubwa na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema kitu. Nadhani aliogopa kusema mbele ya mwalimu kwamba sijida ile ilikojolewa.

Tangu siku ile nikawa mtakatifu wa mteremko. Wazee niliowaamkia njiani walinishika kichwa na kuniombea. Kina mama waliniletea tambi na kaimati wakati wa kufuturu. Nami kila sifa ilinichoma, kwa sababu nilijua ninavyolia, nilijua sikumlilia Mungu. Kumdanganya bibi ni jambo moja. Kula kaimati za watu kwa ucha Mungu wa kuvuja ni jambo jingine, na nilizila, tena nilizipenda.

Bibi hakuweza kunyamaza na heshima ile. Mjomba Shabani ndiye aliyekuwa na simu ya mkononi, na ili ushike mtandao ilibidi upande mpaka kwenye mwamba ulio juu ya shamba la kabichi. Siku moja jioni, kabla ya futari, tukapanda wote. Nilikitoa kile kipande cha khanga, nikakificha ngumini, maana sikutaka mama aambiwe habari zake.

Bibi alizungumza kwanza, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya bonde. "Mwanao huyu ni baraka! Analia kwenye sala! Eeh! Mwalimu mwenyewe amesema! Kila siku analia!"

Kila siku analia. Amemwambia.

Mjomba akachukua simu, akaja akasimama upande wangu wa kushoto, akanibandika sikioni. "Haya, mwamkie mama yako."

"Shikamoo, mama," nikasema.

Kimya.

Nyinyi mnajua uzito wa kimya kile. Mtu mzima akikuchukia kiasi gani, ataitikia marahaba hata kwa pua. Kutoitikiwa shikamoo ni kuambiwa hupo. Nikadhani labda hakusikia. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, "Shikamoo, mama."

Kimya kile kile. Hata mkwaruzo wa simu haukuwepo. Nikausukuma mkono wa Mjomba, nikateremka mwambani peke yangu. Nyuma yangu niliwasikia wakicheka kwamba mtoto ana haya. Ilikuwa imethibitika. Mama amejua nalia, na hataki hata kuniitikia.

Siku ya Idd Bibi alisema mama anakuja. Mama mwenyewe alikuwa amemwambia hivyo simuni. Nilioga, nikavaa, nikakaa ukingoni mwa barabara karibu na lile kalavati, nikayatazama malori yote yaliyopanda. Watoto wenzangu walipita na peremende na miwani ya plastiki. Bibi alinifuata jua lilipokuwa linashuka, akanifunika na khanga yake, hakusema mama amechelewa wala atakuja kesho. Sikumuuliza, kwa sababu mimi nilijua sababu na yeye hakujua.

Baada ya Idd ndiyo nikaugua. Sehemu hii ninayo vipande vipande. Nakumbuka baridi iliyonitetemesha meno mchana wa jua. Kichwa kilitaka kupasuka. Mwanga wa mlangoni ulinichoma macho, nikawaomba wafunge mlango, nao wakasema umefungwa. Nilitapika kila kitu. Bibi aliniambia ninywe uji, nikajaribu kuinamisha shingo kulitazama bakuli, na shingo ikakataa, imekakamaa kama mpini wa jembe. Bibi alipoishika shingo yangu ndipo nilipomwona akibadilika uso. Akamwita Mjomba kwa kupiga kelele, na Bibi yangu hakuwa mtu wa kupiga kelele ovyo.

Mjomba alinibeba mgongoni kwa ile njia ya kuteremka, Bibi nyuma amenishika kichwa. Dereva wa lori la karoti akamshusha mtu wake kiti cha mbele ili nilazwe. Nakumbuka harufu ya dizeli na karoti mbichi. Baada ya hapo sikumbuki kitu mpaka hospitali, Morogoro mjini.

Niliporudiwa na akili vizuri, nilikuwa na sindano ya dripu mkononi na mgongo uliniuma chini, mahali walipochomea kutoa maji ya kupima. Kando ya kitanda, upande wa kulia, alikuwa amekaa mwanamke aliyekonda. Ilinichukua muda kumjua.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikiwa tayari kwa kile kimya.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba." Akaendelea kuirudia mpaka muuguzi akamshika bega.

Daktari alikuwa kijana, na aliongea na mimi kama mtu mzima, jambo lililonishangaza. Aliniambia ubongo wa kila mtu umekaa ndani ya maji, kama mtoto tumboni, ili usigonge mfupa. Nilipoanguka, mfupa ulipata ufa pale nyuma ya sikio, na maji yale yakawa yanachuruzika kupitia humo. Penye njia ya maji kutoka, pana njia ya wadudu kuingia, na waliingia, wakafika kwenye utando unaofunika ubongo. Huo ndio ugonjwa uliokakamaza shingo. Akasema ningewahi siku ya kwanza, wangeniangalia, na mara nyingi ufa huziba wenyewe mtu akitulia kitandani, asiruke, asiinameiname, asitiwe kitu sikioni. Bibi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Niliona anavyoitazama mikono yake.

"Kwa hiyo si machozi?" nikamuuliza daktari.

"Machozi? Hapana. Machozi yanatoka machoni tu."

Mngetarajia nifurahi. Niliona aibu upya, kubwa kuliko ile ya kwanza. Sikuwa nimelia hata kidogo. Nilikuwa nimeficha kitu ambacho hakikuwa kosa, nikamponza Bibi, nikamdanganya Mwalimu Athumani, na mama amelala sakafuni hospitali kwa ajili hiyo. Daktari akaniuliza kwa nini sikusema. Wote wakaningoja. Mama alikuwa wa kwanza kutazama pembeni.

"Nilisahau," nikasema.

Jibu hilo ndilo lililobaki katika familia yetu. Hawa alianguka akasahau kusema. Baadaye tulipelekwa Dar, wakapasua nyuma ya sikio wakauziba ule ufa, na maji hayakutoka tena. Usikivu wa upande ule ulikuwa umeshakwenda tangu siku ya kalavati. Nilipona, na wodini kulikuwa na mtoto wa mkulima wa Gairo aliyelazwa kitanda cha jirani, mwenye ugonjwa kama wangu, ambaye hakupona. Mama yake aliniachia chungwa. Kwa hiyo silalamiki.

Kitu kimoja cha wodini sikukielewa. Mchana, watu wa kuja kuangalia wagonjwa wakishaondoka, nilipokuwa nimefumba macho, mama alikuwa akiinuka upande wa kulia, anazunguka kitanda, anakuja kuinama upande wa kushoto. Nilihisi pumzi yake ya moto ndani ya sikio lile, ikija na kukatika, ikija na kukatika. Nilijua anasema kitu. Nikaamini ananisomea dua, kwamba dua inasomewa pale penye ugonjwa. Sikufumbua macho, nisimkatize.

Sasa nirudi Jumapili ile. Tuliporudi kutoka kwa Mama Rehema, nikaweka maji ya chai. Mama akakaa barazani na ungo wa mchele, akawa anapepeta bila kuutazama.

"Umemtisha mtoto wa watu," akasema.

"Najua, mama. Nimeona aibu."

"Bibi yako alikufa na kijiko kile moyoni." Akatoa kijiwe, akakitupa uani. "Alikuwa anajilaumu bure. Mwenye kosa nilikuwa mimi."

"Hakuna mwenye kosa. Nilisahau kusema."

"Hukusahau." Alisema polepole sana. "Ulipoletwa hospitali ulikuwa huna fahamu, homa inakupanda. Ulikuwa unasema neno moja, usiku na mchana. 'Silii, mama. Mwambieni mama silii.' Wauguzi wakaniuliza mtoto anamaanisha nini. Nikawaambia sijui."

Maji ya chai yakachemka jikoni. Sikwenda kuyaepua.

"Na Idd ile," akaendelea, "unajua kwa nini sikuja? Nilikuwa nimeshanunua gauni. Uliniamkia simuni mara mbili, nikaitikia mara mbili, nikakwambia nakuja, nikakuuliza unataka rangi gani. Hukujibu. Nikasikia Mjomba wako anacheka kwamba umekimbia. Nikasema, basi, huyu mtoto amenichukia, na ana haki. Nikaona haya kuja kukutazama usoni. Gauni nikampa mtoto wa mwenye nyumba."

Miaka yote hii nilikuwa namficha mama maneno yake mwenyewe ili yasimuumize, na yeye alikuwa ananificha kwamba anayajua. Nilitaka kumwambia hivyo, nikashindwa kuanza. Kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi. Atakuchinjia kuku, atakununulia kiatu, atatembea upande wako wa kulia mpaka uzeeni mwake. Neno lenyewe hataliweka mdomoni, na mtoto mwenye adabu halidai.

Mama akaweka ungo chini. Akainuka kwa kushika goti, akanizunguka nyuma ya kiti, akaja kukaa upande wangu wa kushoto. Akasogeza ushungi wangu taratibu kwa kidole, akainama. Nikaihisi ile pumzi, ya moto, ikija na kukatika, ndefu kuliko za wodini zote. Nikatulia, nikitazama geti letu lililofungwa, nisigeuze kichwa hata kidogo, maana ningegeuza angenyamaza.

Alipomaliza, alibaki pale pale, kichwa chake kimegusa changu.

"Nimesikia, mama," nikamwambia.